Mskochi na Kilti Yake

Mji wa Edinburgh, ambao ndio mji mkuu wa Uskochi, umejengwa juu ya vilima, na katikati yake liko jabali kubwa lililobeba ngome ya kale. Kutoka ngome hiyo yateremka barabara yenye nyumba ndefu za mawe, mpaka jumba la kifalme la Holyrood. Wenyeji huiita Royal Mile, yaani Maili ya Kifalme. Mgeni apitaye hapo husikia zumari za mfuko wa ngozi zikipigwa pembeni mwa njia, na huona maduka yaliyotundika madirishani nguo nzito za sufu zenye miraba ya rangi nyekundu, kijani, buluu na manjano. Miraba hiyo huitwa tartani, na vazi lenyewe ni kilti, vazi la wanaume wa nchi hiyo, lizungukalo kiuno na kuteremka mpaka magotini.

Mgeni huyo aweza kudhani kuwa kila Mskochi huamka asubuhi na kujifunga kilti yake kama vile mzee wa Lamu ajifungavyo kikoi. Sivyo hata kidogo. Siku za kazi karani wa Edinburgh, mwashi wa Glasgow na dereva wa basi wa Inverness wote huvaa suruali. Kilti ni vazi la arusi, la sikukuu na la michezo. Mzee wa Lamu hakufundishwa kutoona haya katika kikoi, kwa sababu alikua akiona baba yake na jirani zake wote wamevaa hivyo. Lakini kijana wa mjini Uskochi amelelewa katika suruali, na pengine baba yake pia. Siku aalikwapo kuvaa kilti mara ya kwanza, huitazama kama mgeni atazamavyo, na moyo wake hujaa wasiwasi. Je, watu watamcheka? Je, upepo utamwaibisha? Yeye ni mtu wa nchi hiyo, na vazi ni la nchi hiyo, na hata hivyo hana budi kujifunza kulivaa.

Kisa cha jambo hili ni kirefu, nacho chahusu sheria na vita. Hapo zamani watu wa Nyanda za Juu, yaani sehemu ya milima ya kaskazini, walivaa shuka kubwa ya sufu. Mtu aliikunja marinda, akaifunga mshipi kiunoni, na sehemu iliyobaki akaitupa begani. Usiku shuka hiyo hiyo ilikuwa blanketi lake. Katika miaka ya mwanzo ya 1700 watu walianza kuikata shuka hiyo, wakaacha sehemu ya chini tu, na ndiyo kilti ijulikanayo leo.

Tarehe 16 Aprili, 1746, jeshi la mwana wa kifalme Charles Edward Stuart, ambalo wengi wake walikuwa watu wa Nyanda za Juu, lilishindwa na jeshi la serikali katika uwanja wa Culloden karibu na Inverness. Serikali ya London ilinuia kuvunja nguvu za koo zile zisiasi tena. Basi mwaka ule ule ikatunga sheria ya kukataza mavazi ya Nyanda za Juu, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Agosti, 1747. Mwanamume au mvulana aliyeonekana na kilti alifungwa gerezani miezi sita. Akirudia kosa, alipelekwa ng'ambo ya bahari kwenye mashamba ya makoloni kwa muda wa miaka saba. Askari tu wa jeshi la mfalme ndio walioruhusiwa kuivaa.

Sheria hiyo ilifutwa mwaka wa 1782, baada ya miaka 36. Muda huo watosha mtoto kuzaliwa, kukua, kuoa na kulea watoto wake, bila ya kumwona baba yake katika vazi la babu. Sheria iliporuhusu, wengi walikwisha zoea suruali. Hivyo ndivyo vazi la kila siku lilivyogeuka kuwa vazi la siku maalumu. Na kitu cha siku maalumu hutazamwa na watu wote, na mtu atazamwaye huona haya.

Wala si Waskochi wote waliokuwa wakivaa kilti tangu kale. Watu wa nyanda za chini, kama wa Edinburgh na Glasgow, kwa muda mrefu waliihesabu kuwa nguo ya washenzi wa milimani na wezi wa ng'ombe. Mwaka wa 1822 mfalme George wa Nne alizuru Edinburgh, na mwandishi mashuhuri Sir Walter Scott ndiye aliyepanga sherehe. Alihimiza waungwana wavae mavazi ya Nyanda za Juu, na mfalme mwenyewe akavaa kilti katika jumba la Holyrood, miguu yake minene ikiwa imefunikwa soksi ndefu za rangi ya ngozi. Wachora vikatuni walimfanyia mzaha mwingi. Lakini mzaha ulipita, na desturi ikabaki. Tangu hapo kilti ikawa vazi la taifa zima, la milimani na la mjini pia.

Basi kijana wa leo hujifunzaje kulivaa bila ya haya? Wazee na mafundi wa kilti hukubaliana kuwa ujasiri huanza kwa mshoni. Kilti ya desturi hushonwa kwa kitambaa cha sufu chenye urefu wa kama yadi 8. Mbele ni bapa, nyuma na ubavuni ina marinda mengi yaliyoshonwa kwa uangalifu, nayo hufungwa kwa kamba za ngozi na bizimu. Upindo wake hufika katikati ya goti. Ikishuka zaidi, mvaaji huonekana kama aliyeazima nguo ya kaka yake; ikipanda zaidi, huonekana kama mtoto wa shule aliyekua upesi. Ukingo wa mbele huangukia upande wa kulia, na pini hutiwa katika kitambaa cha juu peke yake, isishike vyote viwili. Kilti haina mfuko, kwa hiyo mkoba wa ngozi uitwao sporani huning'inia mbele kwa mnyororo. Soksi ndefu za sufu hufika chini ya goti, na mtu atumiaye mkono wa kuume huchomeka kisu kidogo katika soksi ya kulia.

Wahenga walisema kuwa nguo ya kuazima haisitiri mwili. Vijana wengi wa Uskochi hukodi kilti dukani kwa siku ya arusi, kwa maana kuishonesha ni ghali. Walakini hata ya kukodi yaweza kumsitiri mtu vema, kama amepimwa kiuno chake na urefu wake, asikubali kupewa yoyote iliyo karibu. Mtu ambaye nguo yake imemkaa sawa hana haja ya kuivuta na kuishika kila hatua, na mtu asiyeishika nguo yake hatazamwi sana.

Baada ya nguo huja mwenendo. Mwenye kukaa kitini hupitisha mikono nyuma, akayalaza marinda, ndipo akakaa, na kuacha sporani ianguke katikati ya mapaja. Atokaye katika motokaa huweka magoti pamoja. Apandaye ngazi hupanda taratibu. Ama upepo, nao Edinburgh una sifa kwa upepo wake, hauna nguvu nyingi juu ya yadi 8 za sufu nzito. Uzito wa marinda huirudisha nguo mahali pake. Nguo nyepesi ndiyo impayo mtu mashaka. Mambo haya ni madogo, lakini mwenye kuyajua huacha kuogopa, kwani hofu nyingi hutoka katika kutojua la kufanya.

Liko pia lile swali. Hapana mvaaji wa kilti asiyeulizwa na watu wasiomjua, hasa wageni na walevi, amevaa nini ndani. Wengine hupita mpaka wa adabu, wakajaribu kuinua nguo ya mtu kwa mkono. Jambo hili si mzaha, na Waskochi wengi hulichukia, ingawa zamani watu walilicheka. Mwenye busara hujibu swali kwa neno moja la kuchekesha na kwenda zake; mkono wa mtu huuondoa kwa uthabiti bila ya ugomvi. Na kwa kuwa moyo uliotulia ni bora kuliko majivuno, wengi huvaa nguo ya ndani bila ya kumwuliza mtu ruhusa.

Hatua ya kwanza hadharani huwa nyepesi mtu akiwa pamoja na wenzake. Hii ndiyo sababu wengi huanzia arusini, ambako bwana arusi, baba yake na rafiki zake wote wamevaa namna moja. Mahali pengine pazuri pa kuanzia ni michezo ya Nyanda za Juu, ifanywayo katika miji na vijiji vingi wakati wa kiangazi. Mashuhuri kuliko yote ni ile ya Braemar, kijiji kilicho katika bonde la mto Dee, ambayo hukusanyika Jumamosi ya kwanza ya Septemba, na jamaa ya kifalme hufika kutazama. Huko wanaume wenye nguvu hurusha gogo refu la mti ligeuke hewani, wengine huvuta kamba, wavulana na wasichana hucheza ngoma juu ya panga zilizolazwa chini, na bendi za zumari hupita uwanjani. Kati ya umati huo kijana mwenye kilti haonekani kuwa kioja. Kinyume chake, aliyevaa suruali ndiye ajionaye mgeni.

Kazi iliyo ngumu ni ile ifuatayo: kurudi mjini peke yake, kupanda basi na kuingia dukani kununua mkate. Hapo ndipo moyo hupimwa. Waliopitia njia hiyo husimulia habari zinazofanana. Dakika kumi za kwanza mtu hudhani kila jicho liko juu yake. Saa moja ikipita, huona kuwa watu wana shughuli zao. Mmoja ametazama, bibi mmoja mzee ametabasamu na kumsifu, na wengine hawakugeuza shingo. Siku ya tatu au ya nne husahau amevaa nini. Kusahau huko ndiko ujasiri wenyewe.

Mfano mkubwa wa ujasiri huo ulionekana tarehe 6 Juni, 1944, siku majeshi ya Waingereza, Wamarekani na wenzao yaliposhuka katika pwani ya Normandy, nchini Ufaransa. Bill Millin, kijana wa miaka 21, mpiga zumari wa Lord Lovat, aliingia majini amevaa kilti ambayo baba yake aliivaa katika Vita Kuu ya kwanza. Silaha yake ilikuwa kisu cha soksi tu. Alitembea ufukoni akipiga zumari huku risasi zikilia na wenzake wakianguka. Yasimuliwa kuwa mateka wa Kijerumani walisema baadaye kwamba hawakumlenga kwa sababu walimdhani amerukwa na akili. Millin aliishi mpaka mwaka wa 2010. Mtu akikumbuka habari hiyo, safari ya kwenda kununua mkate huonekana fupi.

Wengine huzuiwa na swali jingine: je, asiye wa ukoo fulani ana haki ya kuvaa? Watu wengi huamini kuwa kila ukoo wa Kiskochi una tartani yake tangu enzi za kale. Kwa kweli sehemu kubwa ya mpango huo iliwekwa katika karne ya 19, na wafumaji na wauza nguo walikuwa na mkono katika kazi hiyo. Ziko tartani za wilaya, za majeshi, na nyingine zisizo za ukoo wowote. Tangu mwaka wa 2009 serikali ya Uskochi inayo daftari rasmi ya kuandikisha tartani, na Masingasinga, Wayahudi na Waislamu wakaao Uskochi wana tartani zao pia. Katika mwezi wa Juni, 2024, maelfu ya mashabiki wa mpira wa Uskochi walijaza barabara za Munich na Cologne, Ujerumani, wakiwa na kilti, na hakuna aliyeulizwa ukoo wake. Mgeni avaaye kwa heshima hupokelewa kwa heshima. Avaaye kwa kuigiza na kudhihaki ndiye achukiwaye.

Mwacha mila ni mtumwa, walisema wazee wa Pwani. Lakini mila iliyokwisha katwa kwa sheria hairudi yenyewe. Hurudishwa na watu wenye kukubali kuonekana wajinga kwa muda mfupi, mpaka mazoea yaondoe haya. Wanaume wa Culloden walinyimwa vazi lao kwa hofu ya gereza. Wajukuu wa wajukuu wao wana ruhusa kamili, na kizuizi kilichobaki ni kicheko cha mpita njia, ambacho hakina askari wala hakimu. Kijana ajuaye tofauti ya mambo hayo mawili hufunga bizimu yake, hunyosha marinda, na kutoka nje.