Biti ni yako, au umeikodi?

Leo siasa naziweka pembeni, za kazini zinatosha. Naomba tuongelee biti. Najua wapo watakaosema, "huyu mwandishi wa habari naye anataka kuwa prodyuza?" Tulieni jamani, kalamu siiachi. Ila kuna jambo limetokea nyumbani ambalo limenikalisha na kompyuta kila usiku kwa miezi minne sasa.

Mdogo wangu anachana. Ana miaka 19, ana madaftari mawili yaliyojaa mistari, na kwa maoni yangu (ambayo hayana upendeleo hata kidogo!) anaandika vizuri. Mwaka jana alijichanga, akanunua biti kwenye intaneti, akarekodi, akaupandisha wimbo YouTube. Wiki chache baadaye likaja dai la hakimiliki. Kumbe biti ileile ilikuwa imeuzwa kwa wasanii wengine pia, na mmoja wao alikuwa ameshausajili wimbo wake.

Dogo hakuiba kitu, risiti anayo. Alichonunua ni ruhusa ya kuitumia biti, siyo biti yenyewe. Ndivyo biashara hiyo inavyokwenda: biti moja inakodishwa kwa watu wengi, kama suti ya harusi. Ukitaka iwe yako peke yako, bei inapaa. Akaniambia, "Kaka, kama huna hela ya studio, huu muziki haukuhusu." Kauli ile iliniuma. Nikamwambia basi tujifunze wenyewe.

Sasa tuingie jikoni. Programu inayojulikana sana mitaani ni FL Studio, ile ambayo zamani iliitwa FruityLoops, ya kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji. Toleo la majaribio ni bure, ila kazi uliyoihifadhi ukitaka kuifungua tena na kuiendeleza, lazima ununue. Kwa hiyo sisi tulichukua LMMS, ambayo ni bure kabisa. Hatuna kinanda. Tuna kompyuta moja ya mezani na hedifoni moja tunayopokezana.

La kwanza tulilojifunza ni kuhesabu. Kasi ya biti inapimwa kwa mapigo ya dakika moja. Ukiweka 100, kila pigo linachukua sekunde 0.6. Mapigo manne yanafanya baa moja, yaani sekunde 2.4. Wimbo wa dakika tatu ni baa 75 tu! Na hizo hutengenezi zote. Unatengeneza baa nne zilizosimama vizuri, halafu unazirudia huku ukiongeza hiki na kupunguza kile.

La pili ni vyumba 16. Kila baa imegawanywa hivyo kwenye skrini. Jaribuni hii: wekeni kiki (siyo ile kiki ya Instagram!) kwenye chumba cha 1, 5, 9 na 13. Halafu sneya kwenye cha 4, 7, 12 na 15. Bonyezeni icheze. Mabega yatatikisika yenyewe, maana mpangilio huo umo kwenye nyimbo nyingi mnazozijua, kuanzia zouk na reggaeton hadi Bongo Fleva. Mnaweza kuupiga mezani kwa mikono kabla hata ya kuwasha kompyuta. Sisi tunaanza mezani kila siku.

La tatu ni besi. Kiki na besi zote zinakaa chini kabisa kwenye sauti, zikipiga kwa pamoja kwa nguvu zinavurugana. Moja lazima impishe mwenzake. Halafu sikilizeni kazi yenu kwenye simu ya kawaida. Spika ya simu haitoi sauti za chini sana, kwa hiyo kama biti yote inategemea besi, kwenye daladala abiria mwenye simu atasikia kelele za juu tu.

Mbona sasa nawachosha na hesabu hizi? Kwa sababu kinachomzuia anayeanza mara nyingi siyo uhaba wa vifaa. Angalieni mchiriku wa Dar es Salaam: vijana wa uswahilini walichukua vinanda vidogo vya Casio, ambavyo kwingine ni vya watoto kuchezea, wakaviunganisha na spika na ngoma, mtaa mzima haulali. Baadaye ikaja singeli, inayokimbia mapigo 200 na zaidi kwa dakika. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso kutoka studio ya mtaani hapa Dar, na Ulaya wakasimama kusikiliza. Mdundo ule hawakuukodi popote. Na wale tuliokua na kazi za P-Funk Majani na Master J tunakumbuka: kabla msanii hajafungua mdomo, ulishajua wimbo umepikwa wapi.

Hapo ndipo penye hasara kubwa kuliko hela ya dogo. Vijana wengi wakichukua biti kutoka duka lilelile la mtandaoni, wa Mbagala na wa Manchester watasikika sawa. Na sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda aliyebuni kazi. Kama hukubuni na hukuuziwa haki zote, wewe ni mpangaji tu, mwenye nyumba yupo.

Mimi na dogo tumemaliza biti moja. Imo sauti ya kopo la rangi tulilorekodi kwa simu pale uani, mama akilalamika kwamba tunamharibia usingizi. Siyo biti ya kutikisa nchi, na mchanganyo wake unahitaji kazi bado. Lakini dogo amefungua daftari tena, anaandika ubeti wa pili, na safari hii hakuna wa kuja kumdai.

Mwenye mdogo wake anayechana, mkalisheni mezani mpige pamoja. Mimi naenda kulala, kesho asubuhi nina habari ya mahakamani. Tuko pamoja.