Usikubali Ripoti ya Kwanza



Wiki jana gari langu lilipandisha joto. Nikalirudisha kwa walioniuzia. Baada ya nusu saa wakaniambia, "Pasta, injini imekufa. Lazima ifunguliwe yote. Shilingi 180,000." Kwa simu nilikuwa na karo ya binti yangu. Kidole kilikuwa tayari kutuma.

Roho akanizuia. Nikauliza, "Mmeona nini hasa?" Mafuta ya injini hayakuwa yamechanganyika na maji. Moshi mweupe hakuna. Kompreshani hawakupima. Nikawaambia kwa upole, "Bila ushahidi silipi." Wakanuna. Nikaita gari la kuvuta.

Fundi wa mtaani akakuta themostati imekwama, haifunguki. Shilingi 4,000, kazi ikaisha.

Nikiwa njiani nikamshukuru Mungu, kisha nikachomwa moyoni. Kuna kijana wa kwaya aliyeacha kuja ibadani. Mimi mwenyewe niliwaambia wazee wa kanisa kwamba amerudi nyuma. Sikumtembelea. Sikumuuliza.

Jana nikaenda kwake. Kumbe amepata kazi ya ulinzi wa usiku, na Jumapili asubuhi hutoka zamu hajalala. Biblia yake ilikuwa kando ya kitanda. Nikamwomba msamaha, na nitawaambia wazee ukweli.

Mpendwa, kabla hujasema mtu amekufa kiroho, uliza umeona nini. Soma Mithali 18:17, kisha umpigie yule uliyemhukumu bila kumsikiliza.