Wilaya ya Mountrail na Watu Wake

Ndugu zetu wasomaji, Marekani ikitajwa, fikra za wengi huenda kwenye majumba marefu na miji mikubwa. Leo twataka kuwachukua mahali pengine kabisa pa nchi hiyo, mahali pa mashamba na upepo, ambapo mtu aweza kusafiri masafa marefu asimwone binadamu. Sisi kazi yetu ni kusomesha watoto chuoni, na elimu yetu ya shule iliishia ya msingi. Lakini ramani na hesabu za watu twazipenda tangu ujana, na mahali hapa pametushughulisha kwa sababu itakayodhihiri mbele.

Mountrail ni wilaya ya jimbo la North Dakota, kaskazini mwa Marekani, si mbali na mpaka wa Kanada. Pamoja na maji yake ina ukubwa wa kilomita za mraba 5,000 hivi, yaani takriban mara tatu ya kisiwa cha Unguja. Katika hesabu ya mwaka 2020 watu wake wote walikuwa 9,809. Gawanya, utaona kila kilomita ya mraba haipati hata watu watatu. Makao ya utawala ni mji mdogo wa Stanley, uliopo kando ya njia ya reli. Ardhi ni uwanda wenye vilima vilivyoachwa na barafu ya zama za kale, na mazao makubwa ni ngano. Upande wa kusini umepakana na mto Missouri, ambao leo umekuwa ziwa.

Baridi ya huko si ya kusimuliwa. Tarehe 15 Februari, 1936, katika kitongoji cha Parshall kilichomo wilayani humo, kipimo kilishuka hadi nyuzi 51 chini ya sifuri; na kiangazi cha mwaka huo huo, mahali pengine pa jimbo hilo, joto lilipanda hadi nyuzi 49. Na kwa kuwa nchi iko mbali sana kaskazini, mwezi wa Juni jua hukaa juu saa 16, na weupe wa mbinguni hukaribia kutotoweka usiku kucha, hata Isha na Alfajiri zikawa kama zinazogusana.

Haya ya Isha na Alfajiri hatukuyataja bure. Baina ya mwaka 1899 na 1902 walifika katika nchi hiyo Waislamu kutoka Sham, wengi wao kutoka vijiji ambavyo leo vimo katika Lebanon, wakakaa karibu na kitongoji cha Ross. Sheria ya mwaka 1862 ilimpa mtu ekari 160 bure iwapo atazikalia na kuzilima miaka mitano. Wakachukua ardhi, wakalima ngano. Na wengine walitangulia kuchuuza bidhaa nyumba kwa nyumba. Hebu na afikiri msomaji: mwaka 1918 mwezi wa Ramadhani uliangukia Juni na Julai. Aliyefunga huko alifunga zaidi ya saa 18, na shamba likimngoja. Na kibla chao hakikuwa mashariki kama mtu angedhani, bali kwa hesabu ya umbo la dunia ni kaskazini-mashariki. (Vijana wanaosoma jiografia na walipime hili kwa uzi juu ya tufe la dunia, watastaajabu.)

Kwa miaka mingi walisali majumbani mwao. Mwaka 1929 wakajenga msikiti wao, jengo duni ambalo sehemu yake ilikuwa chini ya ardhi. Nao umo katika misikiti ya mwanzo kabisa kujengwa Marekani. Mwaka uliofuata serikali ilihesabu watu, na Mountrail ikaonekana ina watu 13,544. Idadi hiyo haijapata kufikiwa tena mpaka leo.

Kisha ukaja ukame wa miaka ya 1930, na bei ya ngano ilikuwa imekwisha kuanguka. Mwaka 1940 watu walikuwa 10,482. Mashine nazo zikaja, shamba lililotaka watu kumi likawatosha wawili. Kufika mwaka 2000 walibaki 6,631, pungufu ya nusu ya wale wa 1930.

Tulipokuwa tukiwaeleza vijana wetu habari hizi, mmoja wao aliuliza: “Wale Waislamu walikwenda wapi?” Swali zuri, na hesabu ya serikali haiwezi kulijibu, kwa kuwa Marekani huhesabu watu kila miaka 10 tangu mwaka 1790 lakini haimuulizi mtu dini yake. Jibu ni kwamba hawakufukuzwa wala hawakuuawa. Wazee walikufa kwa umri wao. Watoto walisoma shule za serikali kwa Kiingereza, na Kiarabu kikabaki kwa wazee; wakahamia mijini kutafuta kazi, na wengi wakaoa na kuolewa na watu wa dini nyingine. Msikiti ukakosa wa kuusalia, na katika miaka ya 1970 ukabomolewa. Kutoka kujengwa hata kubomolewa haikupata miaka 60. Sisi tunaoshika watoto kila asubuhi twaipima miaka hiyo kwa vizazi, twaona ni viwili tu, na hilo halituachi tukalala vyema.

Wala isidhaniwe ni hao peke yao waliopatwa. Sehemu ya kusini ya wilaya ni ya wenyeji wa asili, makabila ya Mandan, Hidatsa na Arikara, waliokuwapo kabla ya wageni wote. Ndui ya mwaka 1837 iliwafagia Mandan wakabaki wachache mno. Baadaye, baina ya 1947 na 1953, serikali ilijenga bwawa la Garrison, na zaidi ya ekari 150,000 za ardhi yao nzuri ya bondeni zikachukuliwa. Vitongoji vya Sanish na Van Hook vikamezwa na maji, na watu wakahamishiwa mji mpya ulioitwa New Town, yaani Mji Mpya, jina ambalo kwa kweli si jina. Hata hivyo hawakumalizika: mwaka 2010 wenyeji wa asili walikuwa karibu watatu katika kila watu kumi wa Mountrail.

Mwaka 2006 mafuta mengi yaligunduliwa karibu na Parshall, na wafanyakazi wakamiminika kutoka majimbo mengine. Ndiyo maana hesabu imepanda tena.

Na huko Ross, wajukuu wa wale wakulima pamoja na rafiki zao walijenga msikiti mwingine mwaka 2005, mdogo mno, wenye kuba na minara minne. Ross yenyewe, katika hesabu ya mwaka 2010, ilikuwa na watu 97. Msikiti haukuwekwa kitongojini, bali nje kidogo, penye makaburi ya wazee, na lango la makaburi hayo lina alama ya mwezi na nyota.