Mkwaruzo wa Besi Katika Nyumba ya Bibi

Katika mtaa wa Buyenzi, mjini Bujumbura, mahali ambapo Kiswahili ndicho lugha ya barazani na nyundo za mafundi wa magari hazinyamazi toka asubuhi hadi magharibi, yupo bibi mmoja mjane ambaye marehemu mume wake alikuwa mpiga gitaa la besi. Hakuwa mtu wa kutangazwa. Mpiga besi aghalabu husimama nyuma, karibu na ngoma, na wachezaji dansi hawamtazami. Humtazama mwimbaji na mpiga solo. Lakini miguu yao humfuata yeye. Bibi huyo alimfuata kwa miguu kwanza, kisha kwa ndoa, na kwa zaidi ya miaka thelathini alizoea kuutambua mkono wa mumewe hata kupitia ukuta wa jirani.

Kilichobaki baada ya mazishi ni kanda moja ya kaseti ya miaka ya 1980, iliyorekodiwa ukumbini moja kwa moja kutoka katika mashine ya kuchanganya sauti za bendi. Redio ya kuichezea ilikwisha kufa zamani. Ndipo mjukuu, kijana aliye chuoni, alipoipeleka kanda hiyo katika duka moja la mjini ili nyimbo zihamishiwe ndani ya simu. Na binti yake bibi, aishiye Ubelgiji, akaleta zawadi ya spika ndogo isiyo na waya, ambayo ukubwa wake haupiti kopo la maziwa ya unga. Siku hiyo nyumba ilijaa. Chai ikapikwa, watoto wakaketi mkekani, simu ikaunganishwa, na wimbo ukaanza.

Magitaa ya juu yalisikika vizuri. Mwimbaji akasikika. Lakini kila mpiga besi alipogusa uzi, spika ilitoa mkwaruzo kama wa karatasi inayochanwa, na nyuma ya mkwaruzo ukafuata mngurumo uliozimeza noti zote zikawa noti moja. Watoto walishangilia, kwani kwao huo ndio uzito wa muziki. Bibi alisikiliza nyimbo mbili, akasema polepole kwamba masikio yake yamekwisha, maana mkono wa mumewe hausikii tena humo. Akaenda kulala mapema. Miezi mitatu ikapita bila yeye kuuliza habari ya kanda ile.

Neno hilo, kwamba masikio yamekwisha, ndilo lililomchoma mjukuu kuliko ubovu wa chombo. Mtu mzima akikubali kwamba kosa ni la mwili wake hatauliza tena. Atanyamaza na kuwaachia vijana sebule. Ni kweli kwamba masikio hupungua uzeeni, lakini aghalabu huanza kupoteza sauti nyembamba za juu, kama mlio wa nyenje au herufi za "s" na "f" katika maneno, wala si sauti nzito za chini. Mzee anayemsikia mwimbaji waziwazi akashindwa kuisikia besi, hapana budi spika ishukiwe kabla ya umri wake.

Nyumba ya nne kutoka hapo hukaa fundi mzee wa redio, ambaye siku hizi hutengeneza simu kwa kuwa redio hazina wenyewe tena. Kijana akamwendea, akamwamkia, akaiweka spika mbele yake. Mzee hakushika bisibisi. Aliuliza jambo moja tu: "Kijana wangu, sauti inakatika au inakwaruza?"

Wengi huyachanganya mambo hayo mawili, nao hupoteza fedha kwa sababu hiyo. Wimbo ukitoweka kwa kitambo cha kufumba jicho kisha ukarudi, hiyo ni shida ya mawimbi ya redio baina ya simu na spika: pengine umbali, pengine ukuta, pengine mtu mnene aliyesimama katikati, kwa maana maji ya mwili huyanywa mawimbi hayo. Bali mkwaruzo unaokuja pamoja na kila noti nzito, na kunyamaza noti hizo zinaponyamaza, hauna uhusiano na mawimbi. Ama chombo kimezidiwa nguvu, ama kuna kitu kinachogongana na kingine. Ili kuondoa shaka, mzee aliunganisha simu na spika kwa waya, kwa kuwa spika ile ilikuwa na tundu lake. Mkwaruzo ukabaki vile vile. "Basi hewani hakuna kosa," akasema. "Twende nyumbani kwenu. Nyumba kwanza, chombo baadaye."

Spika ilikuwa imewekwa juu ya kabati la vyombo, kwenye kona ya sebule, mahali pa heshima ambapo kila mgeni angeiona. Hakuna mahali pabaya kuliko hapo. Uzi mzito kabisa wa gitaa la besi hutetema mara 41 kwa sekunde, na wimbi la sauti hiyo lina urefu wa zaidi ya mita 8, yaani huipita sebule nzima. Wimbi la namna hiyo halielekei mbele kama mwanga wa tochi. Huenea pande zote, hugonga kuta mbili za kona na kurudi likiwa limeongezeka. Hivyo kona huizidisha besi bila mtu kugusa kitufe chochote. Tena kabati la vyombo ni bendi ya pili: bilauri, sinia, milango ya kioo, vyote vinangoja kuamshwa.

Mzee akamwagiza kijana atafute katika simu programu ya kutoa mlio mmoja unaopanda polepole, kuanzia mitetemo 40 kwa sekunde hadi 200. Mlio ukapanda, naye mzee akazunguka sebuleni akigusa vitu kwa kiganja, kama daktari anayepapasa tumbo. Sinia likaanza kulia, akaligusa, likanyamaza. Kioo cha kabati kikafuata. Kisha mlio mkali ukatoka ukutani, na wote wakageuka: ilikuwa ni picha ya marehemu mwenyewe, iliyotundikwa kwa msumari mmoja, fremu yake ikipigapiga ukuta. Hakuna aliyesema neno. Mjukuu akabandika vipande viwili vya sponji nyuma ya fremu.

Walipoipindua spika wakaona kwamba katika vijiguu vyake vinne vya mpira kimoja kimedondoka, nayo ilikuwa ikirukaruka juu ya mbao kila besi ilipopiga. Ikahamishiwa meza ndogo iliyo mbali na kona, juu ya kitenge kilichokunjwa mara nne. Nusu ya kelele ikaisha hapo hapo, bila ya senti moja kutumika.

Nusu iliyobaki ilitokea pale tu sauti ilipopandishwa. Hapa mzee alitumia muda mrefu kueleza, na maelezo yake yanastahili kufikiriwa na kila aliyevutiwa na tarakimu kubwa zinazochapwa juu ya maboksi ya spika madukani. Ile redio ya zamani ya mbao ilikuwa na koni ya sentimeta 20. Spika hii ndogo ina koni ya sentimeta 5. Eneo la koni kubwa ni mara 16 ya eneo la ndogo. Kwa hiyo, ili kusukuma hewa ile ile, koni ndogo hulazimika kusafiri mara 16 zaidi kwenda mbele na kurudi nyuma. Na kila sauti inaposhuka kwa oktava moja, safari hiyo huongezeka mara nne ikiwa ukubwa wa sauti utabaki ule ule. Koni ina mwisho wa safari yake. Ikifika mwisho na bado inasukumwa, hukwaruza.

Watengenezaji wanalijua hilo, na wameweka hila zao. Pembeni mwa spika nyingi za namna hii mna vifuniko vya mpira vinavyopigapiga kama moyo. Havina waya, husukumwa na hewa ya ndani tu, navyo husaidia kuitoa besi. Nyingi zina pia kompyuta ndogo ambayo huipunguza besi yenyewe sauti inapopandishwa mno, ili koni isiumie. Maana yake ni kwamba chombo kimekwisha kupimiwa mzigo wake kiwandani, na kila anayeongeza besi kutoka nje anakibishia.

Basi simu ya kijana ikafunguliwa. Ndani yake mlikuwa na programu ya muziki ambayo besi yake ilipandishwa hadi juu. Tena mlikuwa na programu nyingine aliyoiweka mwenyewe ya "kuongeza sauti", ambayo haina lolote inalofanya ila kuyalazimisha mawimbi yazidi kipimo. Na spika yenyewe ilikuwa na kitufe cha besi, nacho kimewashwa. Anayepandisha besi kwa desibeli 6 anaomba nguvu mara nne. Akipandisha desibeli 6 nyingine mahali pengine, anaomba mara 16. Punda mmoja ametwikwa mzigo wa punda kumi na sita, kisha watu wanashangaa anapopiga magoti. Kilichozidi hukatwa: vilele vya wimbi hufyekwa bapa, na bapa hilo ndilo masikio huliita mkwaruzo.

Kuna jambo la ajabu ambalo mzee alilihifadhi kwa mwisho. Spika ndogo kama ile haiwezi kuutoa vizuri mtetemo wa 41 hata ingebembelezwa. Lakini uzi wa gitaa hautoi mtetemo mmoja. Hutoa pia wa 82, wa 123, wa 164, na kuendelea. Ubongo ukiisikia hiyo ya juu katika mpangilio wake, huijaza ile ya chini wenyewe, na mtu akaapa kwamba ameisikia. Ndivyo kopo dogo linavyoweza kumrudisha mpiga besi ndani ya nyumba. Ila vilele vinapofyekwa, sauti ngeni huzaliwa na kujipenyeza katika mpangilio huo, na noti moja haitambulikani tena na nyingine. Bibi hakukosea: mkono wa mumewe haukuwamo. Ulikuwa umefunikwa.

Programu zikaondolewa, kitufe kikazimwa, betri ikajazwa kwanza, maana betri iliyo karibu kwisha huweza kushindwa kutoa nguvu ya ghafula ambayo noti nzito inaitaka, na katika mitaa ambayo umeme hukatika spika nyingi huchezwa katika hali hiyo. Wimbo wa kawaida ukapigwa, ukatoka safi. Ikapigwa kanda ya marehemu. Ikakwaruza. Wakapunguza sauti hadi ikawa mnong'ono, bado ikakwaruza.

Kijana alitaka spika ifunguliwe. Mzee akakataa katakata, na kwa haki. Boksi la spika hizi limezibwa, hata tundu dogo likibaki baada ya kufungua, hewa hupita ikitoa pumzi kama ya mgonjwa wa pumu. Na ndani mna betri ya lithiamu isiyopenda kuchomwa na bisibisi. Tena hapakuwa na sababu. Mkwaruzo unaosikika hata kwa sauti ndogo, tena katika rekodi moja tu, umo ndani ya rekodi. Walipoufungua wimbo katika kompyuta na kulitazama wimbi lake, vilele vyote vilikuwa bapa kama majani yaliyopitiwa na panga. Aliyeuhamisha dukani alifungulia sauti kupita kiasi ili kazi yake isikike kuwa na nguvu. Wimbo uliofyekwa hivyo, hata ukipunguzwa baadaye, hauoti tena.

Bahati njema, kanda yenyewe haikutupwa. Bibi aliihifadhi katika sanduku, ndani ya khanga. Mzee alikuwa na deki ya kaseti chini ya benchi lake. Akasafisha kichwa chake kwa pamba na spiriti, akaizungusha kanda yote mbele na nyuma ili iachane, kisha akaihamisha upya, safari hii akiacha nafasi juu ya sauti kubwa kuliko zote. Kazi hiyo ilichukua alasiri nzima, kwa kuwa kanda ya dakika 60 haihamishwi kwa chini ya dakika 60.

Kumwita bibi asikilize hakukuwa rahisi. Alisema ana mboga jikoni. Alipokuja, aliketi karibu na mlango kama mgeni asiyekusudia kukaa. Wimbo ukaanza, na watoto wakalalamika kwamba spika imeharibika, haina nguvu tena. Bibi hakuwajibu. Baada ya ubeti wa kwanza kiti chake kilikuwa kimesogea. Baada ya wa pili, kisigino chake kilikuwa kikigonga sakafu. Bendi ikaingia katika sebene. Mara akainua mkono.

"Hapo!" akasema. "Mmesikia? Ameingia kabla ya wenzake. Maisha yake yote aliapa kwamba ni mpiga ngoma aliyechelewa, na mimi nikamwambia, baba watoto, nilikuwapo, ni wewe. Rudisha hapo, mjukuu wangu."

Kijana akarudisha. Marehemu akakosea tena.