Nani Aliyeiona Atomu?

Sisi tufundishao kemia twajua ya kwamba hakuna somo jepesi kukaririwa na gumu kusadikiwa kama hili la atomu. Vijana husema kwa sauti moja: kiini kina protoni na nyutroni, na elektroni hukizunguka. Husema vema, wakapata alama, wakaenda zao. Lakini nyumbani ndiko maneno yao yapimwako.

Mzee mmoja, aliyeuza mbuzi wawili ili kijana wake apate ada, alitujia akasema: "Mwalimu, mwanangu aniambia kiti hiki nikikaliacho karibu chote ni utupu. Nilipomwuliza nani aliyeona, akanyamaza. Je, ada yangu yanunua maneno yasiyo na mashahidi?" Swali hilo lilikuwa la haki, maana aombwaye kusadiki astahili kuonyeshwa njia.

Basi tukamweleza. Mwaka 1909, huko Manchester katika Uingereza, Hans Geiger na Ernest Marsden, mwanafunzi wa miaka 20, walifanya kazi chini ya mwalimu wao Ernest Rutherford. Walitwaa bamba la dhahabu jembamba mno, wakalielekezea chembe za alfa, vipande vidogo vyenye umeme chanya, virukavyo kwa kasi kuu. Walikuwa na kioo kilichopakwa dawa itoayo nuru kila inapopigwa na chembe. Wakakaa gizani, wakihesabu vimulimuli hivyo kimoja kimoja. Chembe karibu zote zilipenya ile dhahabu kana kwamba hapana kitu. Lakini chache sana, moja katika maelfu, zilirudi nyuma.

"Mzee," tulisema, "ukitupa mawe usiku katika shamba la mahindi, mengi yakapita, ila kwa nadra moja likagonga na kukurudia, wasemaje?"

Akajibu upesi: "Shambani mna mwamba, tena ni mdogo."

Hayo ndiyo aliyoyanena Rutherford mwaka 1911: katikati ya atomu mna kiini kidogo chenye umeme chanya, na karibu uzito wote umo humo. Mbali nacho zimo elektroni, zenye umeme hasi, ambazo J. J. Thomson alikuwa amezigundua mwaka 1897. Nyutroni, isiyo na umeme, ilijulikana mwaka 1932 kwa kazi ya James Chadwick. Kama kiini cha atomu ya dhahabu kingekuwa punje ya hindi katikati ya uwanja, mpaka wa atomu ungekuwa kama hatua 100 kutoka hapo.

"Mbona basi sianguki?" akauliza. Tukamjibu: elektroni za kiti na elektroni za nguo yako hukataana, wala hazikubali kuingiliana. Utupu huo una walinzi.

Tena tukamwonyesha chumvi. Atomu ya sodiamu ina protoni 11 na elektroni 11, zilizopangika 2, 8, na 1. Atomu ya klorini ina 17, zilizopangika 2, 8, na 7. Sodiamu pekee huwaka ikitiwa majini, na klorini pekee ni hewa ya sumu, iliyoua askari huko Ypres mwaka 1915. Lakini sodiamu ikitoa ile elektroni yake moja ya nje, na klorini ikiipokea, twapata chumvi tutiayo katika mboga. Viini havikubadilika hata kidogo; elektroni moja tu imehama.

Wanafunzi wetu, zile duara mnazochora daftarini ni mfano tu. Elektroni haina njia kama ng'ombe aendaye kisimani. Wenye elimu hujua mahali inapoelekea kupatikana, basi. Mchoro hutusaidia kuhesabu, nao usidhaniwe kuwa ndiyo atomu yenyewe.

Nanyi wazazi, msichoke kuuliza kama alivyouliza mzee huyu. Mtoto akisema neno jipya, mwambieni aeleze lilijulikanaje. Akiweza, ada yenu haikupotea. Asipoweza, mrudisheni kwetu na swali lake, maana kazi yetu kwake haijaisha.