Karantini: Kutoka Eastleigh hadi Mirihi

Ukipanda matatu nambari 6 au 9 kutoka katikati ya jiji, hutahitaji kuuliza kama umefika Eastleigh. Makelele ya manamba, marobota ya nguo yaliyojaa hadi kando ya barabara na wauzaji wa maziwa ya ngamia watakujulisha. Garissa Lodge, iliyokuwa nyumba ya kulala wageni, iligeuzwa vyumba vya maduka miaka ya 1990 ilipoanza, na tangu hapo majumba ya biashara yameota kama uyoga.

Lakini leo, msomaji mpendwa, hatukuja kununua mashuka. Tupa macho upande wa kambi ya Jeshi la Wanahewa, Moi Air Base. Kabla ya uwanja wa Embakasi kufunguliwa mwaka 1958, abiria wa Nairobi walishukia hapo. Elizabeth wa Uingereza, akiwa bado binti mfalme, alikanyaga ardhi ya Kenya hapo Februari 1952. Siku hizo tayari mataifa yalikuwa na mkataba wa mwaka 1933 wa kuzuia ndege zisieneze maradhi, hasa homa ya manjano. Mbu husafiri bila tiketi wala pasipoti.

Sasa inua macho juu zaidi. Chombo kinachokwenda sayari ya Mirihi kinaweza kubeba bakteria waliotoka mkononi mwa fundi aliyekaza skrubu. Siku roboti ikiokota kiumbe kidogo huko, utajuaje kama ni mwenyeji wa Mirihi au ni mgeni tuliyempeleka wenyewe? Ndiyo sababu Mkataba wa Anga za Juu wa 1967, kifungu cha tisa, unazitaka nchi ziepuke kuchafua sayari nyingine, na pia kuharibu dunia yetu kwa vitu vinavyoletwa kutoka huko. Kenya ilijiunga nao mwaka 1984.

Kanuni zenyewe hutungwa na kamati ya wanasayansi iitwayo COSPAR. Mashine mbili za Viking, zilizotua Mirihi mwaka 1976, zilipikwa kwanza katika joto la nyuzi zipatazo 112 kwa muda wa saa 30 hivi, kama mkate tanurini. Baadaye kikawekwa kiwango: chombo cha kutua huko kisizidi mbegu 300,000 za bakteria katika sehemu zake za nje. Usicheke, kitambaa cha kufutia meza hotelini kina wakazi wengi kuliko hao. Na chombo Cassini, mafuta yalipokaribia kwisha mwaka 2017, kilielekezwa kiungulie ndani ya Zohali ili kisije kikaangukia mwezi wake Enceladus, wenye bahari chini ya barafu.

Je, wanaorudi? Wanaanga wa Apollo 11 walifungiwa siku 21 mwaka 1969. Hata hivyo, chombo chao kilifunguliwa baharini kabla hawajaingizwa katika kibanda cha karantini. Kama mwezini kungekuwa na kidudu, kingekuwa kimeshatoka. Mkazi wa Eastleigh anaelewa jambo hili kuliko profesa. Mei 6, 2020, kwa ajili ya Korona, serikali ilipiga marufuku kuingia na kutoka mtaani. Maduka makubwa na hoteli zikafungwa hadi mwanzoni mwa Juni. Anayeishi kwa mauzo ya siku anajua karantini hulipiwa na nani.

Udhaifu mkubwa ni kwamba COSPAR haina polisi. Aprili 2019 chombo cha Israeli, Beresheet, kilianguka mwezini, na baadaye ikafichuka kwamba kilibeba maelfu ya vijidudu vigumu kufa viitwavyo tadigredi. Hakuna aliyeshtakiwa. Kwa maoni yangu, kampuni binafsi zikizidi kuingia angani, kanuni za hiari hazitatosha.

Na si habari ya mbali. Desemba 30, 2024 pete kubwa ya chuma ya roketi ilianguka kijiji cha Mukuku, Makueni. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilikwenda kuichukua. Uchina imepanga kurusha Tianwen-3 karibu na mwaka 2028, ilete udongo wa Mirihi duniani kama mwaka 2031. Mwanafunzi wa sekondari unayesoma ukurasa huu utakuwa umeshahitimu. Waulize wabunge wetu kama Kenya itakuwa na kiti wakati masharti ya kuufungua mzigo huo yanapopangwa.