Fuwele Ndiyo Yenye Kazi

Leo naweka msimbo kando. Sisi waandishi wa programu tuna majivuno: tukiona picha nzuri kwenye skrini, twadhani tarakilishi ndiyo iliyofanya kazi yote. Nimekuwa nikisoma juu ya skana ya PET, ile inayosaka saratani, na kumbe mzigo mkubwa umebebwa na fuwele.

Mgonjwa hudungwa sukari yenye florini-18, na uvimbe wa saratani mara nyingi huila kwa pupa. Pale ilipokusanyika hutoka miale ya gama, miwili miwili, ikielekea pande zilizo kinyume. Mwale ukigonga fuwele, fuwele humulika kufumba na kufumbua, na mmuliko huo hugeuzwa kuwa umeme. Mwale uliopenya bila kugonga chochote umepotea. Hakuna msimbo utakaourudisha.

Mwaka 1948 Robert Hofstadter alionyesha uwezo wa iodidi ya sodiamu iliyotiwa thaliamu. Hung'aa sana, lakini hunyonya unyevu kama chumvi iliyoachwa wazi Mombasa, tena si nzito vya kutosha. Miaka ya 1970 ikaja BGO, nzito na isiyojali unyevu, ila mwanga wake ni hafifu na huchukua nanosekunde 300 hivi kufifia.

Kisha LSO. Hii ilivumbuliwa na Charles Melcher katika maabara ya Schlumberger, kampuni ya visima vya mafuta! Makala yake ilitoka 1992. Hufifia kwa nanosekunde 40 hivi, na hospitali ndizo zilizofaidi.

Shangazi yangu ameandikiwa kipimo hiki, na mgongo wake haumruhusu kulala bila kutikisika kwa muda mrefu. "Mwanangu, hiyo mashine haiwezi kuharakishwa?" aliniuliza. Inaweza. Fuwele ikimulika vyema na kufifia upesi, picha safi hupatikana kwa dakika chache, au kwa dawa kidogo.

Ubaya ni bei. LSO huyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 2,000, ndani ya chungu cha iridiamu, madini ghali kweli, kisha huvutwa juu polepole ikizungushwa. Skana moja hutaka maelfu ya vipande.

Na ina kituko: lutetiamu iliyomo ina mnururisho wake wa asili, kwa hivyo skana huhesabu miale hata chumba kikiwa kitupu. Hapo sasa ndipo sisi wa msimbo huitwa, tuje tuchuje.